Gari Kuukuu la Kulala Ndani kwenye Udongo Mweusi wa Simiyu

Lamadi, pale barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapokutana na ile ya Bariadi, si ajabu kukuta kwenye kituo cha mafuta gari lenye namba za Ulaya, mapazia madirishani, paneli za sola juu ya paa na ngazi ya kukunja mlangoni. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko jirani, kwa hiyo wageni wa namna hii hupita. Kinachowashangaza vijana wanaolizunguka kulitazama ni kwamba gari lenyewe ni kuukuu: Land Cruiser ya miaka ya tisini, Land Rover 110, au lori la Mercedes lililokuwa la zimamoto huko Ujerumani kabla ya kuwekewa kitanda na jiko. Mwenyewe angeweza kununua jipya, na hakutaka.

Uamuzi huo una hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo inamhusu pia Mtanzania anayewaza kung'oa viti vya Hiace au Coaster iliyochoka ili aifanye chumba cha kusafiria. Kwa maoni yangu, katika mkoa kama Simiyu uzee wa gari hausumbui kama upweke wake. Gari la miaka thelathini ambalo wenzake wamejaa barabarani litakufikisha. La miaka mitatu ambalo halina mwenzake hata mmoja kati ya Shinyanga na Sirari litakulaza porini usipopanga kulala.

Tuanze na dizeli, maana hapo ndipo gari jipya linaposhindwa mapema. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli yake isizidi salfa sehemu 50 katika milioni. Hayo ni maendeleo makubwa kwa mapafu yetu. Lakini Ulaya kiwango ni sehemu 10, na injini zinazotengenezwa kule siku hizi zimepimwa kwa mafuta hayo. Zina chujio la kunasa masizi kwenye ekzosi, na nyingi zina tangi la pili la kimiminika kiitwacho AdBlue cha kusafisha moshi. Salfa ikizidi, vifaa hivyo vinachakaa kabla ya wakati. AdBlue ikiisha, kompyuta inaanza kuhesabu kilomita zilizobaki, kisha inakataa kuwasha injini. Kitu chochote cha kiufundi hakijaharibika. Gari limegoma tu kwa amri ya programu. Ukiwa Dutwa saa kumi na mbili jioni, hutapata wa kulibembeleza.

Injini ya mwaka 1995 haina hayo yote. Pampu yake ya dizeli inaendeshwa na gia au mkanda, nozo zinafunguka kwa msukumo wa mafuta yenyewe, na ikishawaka haihitaji umeme isipokuwa ule unaoshikilia koki ya kuzimia. Fundi anayeijua ataisikiliza, atafungua nati za mirija ya nozo moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma, na atakuambia silinda ipi haifanyi kazi. Vifaa vyake ni spana namba 17 na masikio.

Mfano bora zaidi ni injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990: lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta. Imefungwa kwenye Land Cruiser zile ambazo Watanzania wanaziita mkonga, kwenye magari marefu ya watalii ya Arusha, na kwenye Coaster nyingi za abiria. Maana yake ni kwamba filta, gasketi, nozo na pampu ya maji ya gari la kulala ndani lenye injini hiyo ziko kwenye duka lilelile ambalo mwenye daladala anakwenda, na fundi aliyewahi kuishusha na kuipandisha anapatikana. Linganisha na Fiat Ducato, ambayo ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya magari ya kulala ndani yanayouzwa Ulaya. Ni gari zuri. Lakini tembea Bariadi mjini uhesabu Ducato ngapi utaziona, kisha uhesabu Hiace, Noah, Canter na Fuso. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia utangoja siku ngapi beringi ya gurudumu ikisagika.

Tairi nazo zifuate kanuni hiyohiyo. Saizi 7.50-16 ni ya Land Rover za zamani, Land Cruiser za kazi na malori madogo. Hata vijijini kuna anayeiziba pancha na anayeuza tyubu yake. Tairi za magari mengi ya kulala ndani ya Ulaya ni za inchi 15 zenye kuta ngumu za kubeba mzigo, na usipokuja na yako ya akiba utaagiza Dar es Salaam au Nairobi. Kuna mtego mwingine: magari haya hukaa sana yakiwa yameegeshwa, kwa hiyo tairi zinazeeka kabla ya kuisha. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Zikisomeka 2316, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa na mpira ukawa umeshakauka, ukapasuka kwenye lami ya Lamadi saa nane mchana gari likiwa na mzigo.

Anayedhani suala la spea ni la leo amkumbuke Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani aliyeondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari la Gaggenau lililoundwa kwa safari hiyo, akafika Swakopmund upande wa pili wa bara tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Sehemu kubwa ya siku hizo gari lilikuwa limesimama, likisubiri vipuri au mafuta. Karibu na mwisho wa karne hiyohiyo Mjerumani mwingine, Gunther Holtorf, alianza kuzunguka dunia kwa Mercedes G ya mwaka 1988, akilala ndani yake, na alipomaliza mwaka 2014 alikuwa amekwenda karibu kilomita 900,000 kupitia nchi zaidi ya 170. Gari lake halikuwa na maajabu yoyote. Lilikuwa dizeli ya kawaida isiyo na tabo, nguvu zake ndogo, na mwenyewe alilikagua, akalitengeneza na kubeba spea zake. Ukitafuta siri ya watu hawa utaikuta kwenye sanduku la spana.

Lakini Simiyu ina jambo lake ambalo hakuna duka la spea linaloweza kulimaliza, nalo ni udongo.

Wakulima wa Kisukuma wameupanga udongo wao kwa majina tangu zamani, kabla ya wataalamu wa ramani kufika: luseni ule wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo unaokaza kama sakafu, ibushi wenye chokaa, na mbuga, ule mweusi mzito wa mabondeni. Pamba na mpunga vinaujua vizuri huo wa mwisho. Gari nalo litaujua. Ndani yake kuna aina ya mfinyanzi ambayo chembe zake ni kama karatasi zilizopangwa. Maji yakiingia katikati zinaachana na udongo unavimba, jua likikausha zinabanana na ardhi inapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Wakati wa kiangazi unaweza kupita juu yake na lori la tani kumi. Mvua ikinyesha kwa saa moja tu, tabaka la juu linageuka utelezi. Halidondoki kwenye tairi kama tope la kawaida. Linajisokota kwenye kashata, linajaza matao ya magurudumu, na baada ya mita hamsini tairi inazunguka ndani ya tairi nyingine ya udongo.

Hapa ndipo uzito unapokuwa adui. Coaster iliyowekewa vitanda, makabati, tangi la maji la lita 150, betri za ziada na jenereta imebeba mzigo wake wote muda wote, tofauti na basi ambalo abiria wanashuka na kusukuma. Magurudumu yake ya nyuma ndiyo pekee yanayovuta. Mkia wake ni mrefu, na kwenye drifti za mito ya msimu unagota chini wakati wa kupanda upande wa pili. Sisemi isipelekwe vijijini. Nasema dereva wake ajue kwamba kwenye mbuga iliyolowa ujanja ni mmoja tu: kusimama kabla hujaingia, ukangoja. Jua la Simiyu likiwaka vizuri, njia ambayo asubuhi ilikuwa haipitiki inaweza kupitika jioni, au kesho yake. Mwenye haraka anakanyaga mafuta, tairi zinachimba, difu inakaa juu ya ardhi, kisha unafuata ugomvi wa bei na wenye trekta au jozi za ng'ombe. Bei hiyo, kwa haki kabisa, inapangwa na mwenye ng'ombe.

Bahati nzuri ramani imebadilika. Tangu mkoa huu uanzishwe mwaka 2012, lami imefika Bariadi kutoka pande mbili: kutoka Lamadi, na kutoka Mwigumbi kwenye barabara ya Shinyanga na Mwanza kupitia Maswa. Msafiri anaweza kuvuka mkoa bila kukanyaga udongo mweusi hata kidogo. Kwa wanaotoka Arusha wasiotaka kulipia Ngorongoro na Serengeti kama njia ya kupita tu, kuna njia ya Karatu, Mbulu na Haydom hadi daraja la Sibiti, ambalo linaunganisha Mkalama ya Singida na Meatu, kisha Mwanhuzi na Lalago. Malipo ya hifadhini, kwa gari lenye namba za nje, yanapanda kulingana na uzito; ndiyo maana wenye magari mazito wanaipenda njia hii. Kiangazi ni njia nzuri. Kuanzia Novemba hadi Mei iulizie kwanza.

Kiangazi nacho kina adha yake: vumbi na barabara ya changarawe iliyojikunja vijimawimbi. Mtikisiko huo mdogo usiokoma unalegeza kila kilichofungwa kwa nati. Kwa gari la kawaida ni shokapu na busha. Kwa gari la kulala ndani ongeza bawaba za makabati, viungo vya bomba la gesi, waya unaojisugua kwenye chuma mpaka ganda linakatika, na sahani za ndani ya betri. Punguza upepo wa tairi kwa kama robo, uende polepole, na jioni kabla ya kupika pita na spana. Ukivuka mto na maji yakafika juu ya vitovu vya magurudumu, piga grisi kwenye nipo za propela na ufungue vitovu uangalie kama grisi imekuwa nyeupe kama maziwa. Ikiwa nyeupe, maji yameingia, na beringi imeanza kuhesabiwa siku zake.

Suala la gari kuchemsha linastahili maelezo ya kina kidogo, kwa sababu ndilo linaloua injini nyingi kuukuu na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya ardhi ya Simiyu inapanda kuanzia hapo. Kwenye mita 1,200 maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala hayasubiri 100. Injini inafanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 80 hadi 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno, na kinachoipanua ni kifuniko cha rejeta. Springi yake inabana mvuke na kuongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kama 20. Mpira wa kifuniko ukichoka nafasi hiyo inatoweka, maji yanamwagika kwenye kilima cha kwanza, na mwenye gari anaanza kusikia habari za kubadilisha silinda hedi. Anza na kifuniko. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote zinazohusika.

Kisha kuna tabia ya kung'oa themostati na kuitupa. Fundi atakuambia ni kitu cha nchi za baridi. Si kweli. Bila themostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na ringi zinasagika haraka. Zaidi ya hapo, kwenye injini ambazo themostati hiyohiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji ikishafunguka, kuing'oa kunaacha njia ya mkato wazi. Maji moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Weka nyingine iliyo sahihi. Na maji yenyewe yasiwe ya kisima. Sehemu zenye ibushi zina chokaa, na chokaa kikipata moto kinajenga ukoko ndani ya mirija, ukoko uleule unaouona chini ya birika. Maji ya mvua yaliyochujwa yakichanganywa na kulanti ni dawa tosha. Kabla ya kulaumu chochote kingine, mulika tochi kati ya mapezi ya rejeta. Vumbi na mbegu za nyasi za njia ya Meatu zinatosha kuyaziba.

Dizeli ya kwenye madumu inunuliwe kwa dharura tu, na ikiingia tangini, fungua koki ya chini ya chujio asubuhi yake utoe maji yaliyotuama. Mkanda wa taiming nao usiulizwe umri: gari lililonunuliwa likiwa limetumika, namba ya kilomita kwenye dashibodi inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Ubadilishwe siku ya kununua, kisha kila kilomita 100,000. Ukikatika safarini, pistoni zinagonga vali, na hapo tunazungumzia injini nyingine.

Upande wa nyumba una hatari chache lakini mbili zinaua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni, chini ya kitanda, ikingoja cheche. Ndiyo sababu magari yaliyoundwa vizuri yana matundu sakafuni, na kuyaziba kwa sababu ya vumbi ni kosa kubwa. Rekureta iliyotoka Ulaya mara nyingi haishiki koki ya mtungi wa hapa, na kuunganisha kwa mpira na waya ni kujitafutia maafa. Nunua rekureta na mpira wa Tanzania. Mbaya zaidi ni jiko la mkaa. Usilale nalo ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata dirisha likiwa wazi kidole kimoja. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na mtu anaondoka usingizini.

Betri za ndani zinaharibiwa na joto na kwa kukamuliwa mpaka mwisho. Ile ya asidi ikisoma volti 12.2 bila mzigo imebaki nusu, na huo uwe mwisho wa kuitumia. Ukigeuza gari mwenyewe, weka friji inayotumia kompresa ya volti 12. Zile za gesi zinataka gari lisimame sawasawa, nalo pori halijasawazishwa. Kuta za magari ya zamani ya Ulaya zina mbao ndani ya bati, na maji yakipita kwenye maungio ya paa mbao inaoza bila kuonekana. Bonyeza kona za ndani kwa dole gumba kabla ya kulipa. Ikibonyea, ondoka. Bodi ya chuma ya Coaster haina ugonjwa huo. Yake ni kutu, na fundi wa kuchomelea yuko kila mtaa.

Pa kulala papangwe jua likiwa juu. Mashariki mwa mkoa kuna Pori la Akiba la Maswa, ambako huegeshi bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na Meatu kuna eneo la jumuiya ya wanyamapori la Makao. Kwingineko, sehemu kubwa ni ardhi ya vijiji. Mtafute mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, mwamkie kwa mwangaluka kama ni asubuhi au mwadila kama jua limepinduka, mweleze unatoka wapi. Atakuonyesha uwanja wa shule au kando ya zahanati. Gari geni lililojificha vichakani usiku litawaleta sungusungu, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Kwa anayefikiria kuagiza gari la namna hii kutoka nje: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania inaruhusu lakini inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Ukijumlisha ushuru, usafiri wa meli na spea zitakazofuata nyuma yake, Coaster ya 1HZ iliyostaafu hapahapa, na fundi seremala wa Bariadi wa kuweka vitanda, inatoka nafuu na inatengenezeka. Kabla ya kulipa chochote, ingia duka la spea ukaulize filta ya dizeli, mkanda wa taiming na beringi ya gurudumu la mbele za gari unalolitaka. Muuzaji akikuuliza hilo ni gari gani, usilinunue.